Baiskeli ya kwanza ya milimani: shokapu ya nyuma isikutie tamaa

Kama mfuko haujanona, ikwepe baiskeli ya bei poa yenye shokapu mbele na nyuma. Machoni inavutia, lakini ile springi ya nyuma ya bei rahisi ni uzito mtupu: kila ukikanyaga pedeli inanesa na kukumalizia nguvu. Chukua yenye shokapu ya mbele tu. Hela inayobaki iende kwenye fremu na breki za diski, za mafuta ukizipata.

Saizi kwanza, rangi baadaye. Panua miguu, baiskeli iwe katikati, usimame nyayo zote chini: bomba la juu lisikuguse.

Iliyotumika vizuri naipenda kuliko mpya ya ovyo, ila kagua. Bana breki ya mbele, uisukume mbele na nyuma. Ikigonga-gonga, beringi za shingo zimelegea au bushi za shokapu zimekwisha. Zungusha magurudumu uone kama rimu zinayumba. Kisha pitisha kidole kwenye maungio ya kuchomelea, hasa shingoni. Ukikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, iache, hata wakikupunguzia nusu bei.

Na usimalize hela zote dukani, kofia ngumu bado hujanunua.