Baiskeli ya euro 30: kwa watu wa Tabora mnaohamia Uholanzi

Nimekulia Isevya, nimepakia gunia la mkaa kwenye keria kabla sijaota ndevu. Nilipofika Utrecht nikajiona fundi wa baiskeli. Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Usiku mmoja nje ya stesheni kijana alinisogelea na baiskeli safi, gia tatu, euro 30. Nikalipa, nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili polisi wakanisimamisha kwa kukosa taa, wakamulika fremu, wakaangalia namba. Ya wizi! Baiskeli ikabaki kwao, nami nikakaa kituoni masaa manne nikijieleza kwa Kiingereza cha kuungaunga. Sheria ya hapa haimbani mwizi peke yake. Ukinunua kitu ambacho ulipaswa kukishuku, nawe una kosa. Bei ya kutupa, usiku, mtu usiyemjua: utajitetea vipi?

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani nisingethubutu. Nani Tabora ananunua baiskeli ya mkononi bila risiti, au bila karatasi ya mauziano iliyopita kwa mwenyekiti wa mtaa? Tukipanda ndege tunaacha akili Dar, eti Ulaya hakuna wezi. Nchi hii ina baiskeli nyingi kuliko watu, na wezi wake hawalali.

Kwa hiyo namba ya fremu kwanza, pesa baadaye. Tafuta chini ya siti au chini penye pedali, kisha iangalie bure mtandaoni kwenye daftari la baiskeli zilizoibiwa la RDW, mamlaka ya hapa ya usajili wa magari. Imekwanguliwa? Ondoka. Muuzaji ana haraka? Ondoka. Nenda duka la baiskeli zilizotumika, utoe pesa ya maana, upewe risiti. Narudia: risiti.

Mengine ni mepesi. Pita kulia, si kushoto kama kwetu. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Simu mkononi ni marufuku tangu Julai 2019. Kufuli ziwe mbili, moja ifungwe kwenye chuma kisichong'oka. Na baiskeli nyingi za hapa breki yake ni kukanyaga kinyume: nilirudisha pedali nyuma kwa mazoea, nikaganda katikati ya njia, bibi mwenye mvi akanipita akinifokea. Waholanzi ni wapole ofisini. Kwenye njia ya baiskeli hawana mswalie Mtume. Ila nawavulia kofia kwa jambo moja: Rutte alikuwa waziri mkuu na alikwenda kazini kwa baiskeli. Kwetu diwani akionekana juu ya Phoenix tunaulizana kama kafilisika.

Sasa shangazi, wewe unayenipigia kila Jumapili kwamba huku baiskeli zinaokotwa, nijaze kontena. Shangazi yangu, hata ile yenye kutu iliyofungwa darajani mwaka mzima ina mwenyewe, na asipokuja, inachukuliwa na manispaa, si na mpwa wako. Nitakuletea moja. Risiti yake nitaifunga kwenye keria.