Jinsi ya kuharakisha mradi wa mafuta chini ya bahari (mfano: Jubilee, Ghana)

Wakuu, wengi wakisikia mradi wa haraka wanadhani ni kuwakimbiza mafundi usiku na mchana, hapana, hapo utawachosha tu na tarehe itasogea vilevile. Haraka inapatikana pale mambo yanayofuatanaga unayafanya kwa pamoja, yaani unaagiza vifaa huku wajiolojia bado wanabishana. Jubilee ni eneo la mafuta lililo kama kilomita 60 toka pwani ya Ghana, maji yana kina cha zaidi ya mita 1,000, waligundua mafuta Juni 2007 na Novemba 2010 yakaanza kutoka.

Hatua ya 1: Anza na kipande.
Usitake eneo lote kwa mpigo. Awamu ya kwanza Jubilee ilikuwa visima 17, vya kuzalisha 9, vya kusukumia maji chini kwenye mwamba 6 na vya kusukumia gesi 2, vingine vikaja na awamu ya 1A iliyopitishwa 2012. Chagua upande unaoujua vizuri hata kama sio mnono kuliko wote. Na wanasheria waanze mapema, maana mafuta yale yalikuwa yamelalia vitalu viwili vyenye wenyewe tofauti, ikabidi wakubaliane kuendesha kama eneo moja chini ya kampuni ya Tullow.

Hatua ya 2: Agiza vinavyochelewa.
Trii za visima (ile mitambo ya vali inayokaa juu ya kisima kule chini), raiza (mabomba ya kupandisha mafuta toka chini hadi melini), na zile kamba nene zenye nyaya na mirija ya kuendeshea vali, vyote hivi vinaweza kukaa kiwandani mwaka na zaidi. Ni kama kulipia ukumbi wa harusi wakati mahari bado inajadiliwa, so kwenye mkataba weka kabisa ukighairi mwezi wa tatu unalipa ngapi, wa sita ngapi. Trii zote ziwe za aina moja, kisima kisidekezwe.

Meli ya kupokea na kuchakata mafuta pale baharini (FPSO) nayo usisubiri mpya iundwe. FPSO Kwame Nkrumah ya Jubilee ilikuwa tanka la kawaida, likageuzwa Singapore likaweza kuchakata mapipa 120,000 kwa siku. Ivory Coast nao, eneo lao la Baleine liligunduliwa Septemba 2021 na Agosti 2023 likatoa mafuta, kwa meli iliyokuwepo tayari ikakarabatiwa.

Hatua ya 3: Funga michoro.
Tangaza tarehe, baada ya hapo mabadiliko ni mawili tu: usalama, au kitu hakitafanya kazi. "Ingependeza zaidi" mwambie asubiri awamu ijayo.

Hatua ya 4: Daftari la maungio.
Hapa ndo kazi ya meneja ilipo na ndo watu wanapapuuza. Meli ya mkandarasi huyu, bomba la yule, trii ya mwingine, kila mmoja kwake safi kabisa, shida inakaa katikati. Kila ungio lipewe namba, nani anatoa flanji (kile kisahani cha kuungia bomba), nani analeta bolti na gasketi, presha gani, nani anapima, mwisho lini, na jina la MTU mmoja, sio kampuni. Pitieni kila wiki wote mkiwa mezani.

Mfano kile kipande cha bomba kinachounga trii na manifoldi (mtambo wa chini unaokusanya mabomba ya visima). Huwezi kukimaliza mapema kwa sababu hujui vitatua wapi hasa, vikishatua roboti inashuka kupima umbali na mwinamo wa pande zote mbili, vipimo vinaenda karakana, bomba linakatwa na kuchomelewa kulingana navyo, ndo linarudi baharini. Usipoziweka hizo siku kwenye ratiba, meli ya kukodi itakaa inakula hela bure.

Hatua ya 5: Jaribu nchi kavu.
Ratiba ikibana, wa kwanza kukatwa ni majaribio. Kataa. Unganisha trii, manifoldi na mfumo wa kudhibiti uwanjani, peleka na mkono wa roboti uone kama unashika vali kweli na kama kuna nafasi ya kugeukia. Kosa la nusu saa huku juu, kule chini linaita meli.

Hatua ya 6: Baridi.
Kina hicho maji ni kama nyuzi 4 hivi, mafuta yakisimama bombani, gesi na maji vinagandana kama barafu na kuziba. Andika mapema mkizima ghafla mna masaa mangapi, na methanoli (kemikali ya kuzuia mgando huo) inaanzia wapi.

Hatua ya 7: Fungua kidogokidogo.
Kisima kimoja kimoja, usikimbilie mapipa yote 120,000. Jubilee visima kadhaa vilipungua nguvu mapema, tatizo likawa namna vilivyokamilishwa (vilivyoandaliwa kutoa mafuta baada ya kuchimbwa), 2012 wakaviosha kwa asidi vikapanda tena. Kwa hiyo mtu wa fedha akikwambia mafuta yameshatoka rudisha rigi (mtambo wa kuchimba), mwonyeshe hiyo, na bajeti ya kurudia visima iwe imepitishwa kabla hata hamjafungua vali ya kwanza.