Jinsi ya kuandika rekodi ya timu ya taifa ya mpira wa mikono kwenye ubao wa klabu

Ukiandika "Misri: wa 4, 2001, wa 7, 2021" na kuishia hapo, kijana anayesoma barazani atasema timu imeshuka. Hizo ni nafasi za Kombe la Dunia: mwaka 2001 kule Ufaransa zilishindana timu 24. Mwaka 2021 Misri yenyewe ilikuwa mwenyeji, na mashindano yalipangwa kwa timu 32. Nafasi bila idadi ya timu haina maana, kwa hiyo safu ya idadi isiachwe hata ubao ukiwa mdogo kiasi gani.

Idadi za kushika ni hizi. Kombe la Dunia la wanaume lilianza Ujerumani mwaka 1938 kwa timu 4 tu. Kuanzia 1964 hadi 1993 zilikuwa 16, kuanzia 1995 hadi 2019 zikawa 24, na tangu 2021 ni 32. Mpira wa mikono wa wachezaji 11 uwanjani, uliochezwa Olimpiki ya Berlin 1936, ni mchezo mwingine. Usiuweke kwenye jedwali moja na huu wa wachezaji 7.

Sasa ubao. Chukua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na uilaze kwa upana. Piga msasa, kisha anza na kingo: zipake rangi ya msingi mara mbili kabla ya kugusa uso. Malindi plaiwudi huharibikia kingoni. Unyevu wa bahari huingia hapo, tabaka zikavimba na kuachana kabla mvua za masika hazijaisha. Uso upake nyeupe ya mafuta mara mbili, ukiacha siku nzima kati ya mkono na mkono. Funga kwa skrubu zisizoshika kutu, maana msumari wa kawaida hutiririsha alama ya kahawia juu ya maandishi. Tarakimu ziwe nyeusi. Nyekundu inapendeza, lakini jua huipausha upesi.

Acha sentimita 14 juu kwa kichwa, zitabaki mistari 18 ya sentimita 6 kila mmoja. Upana ugawe hivi: mwaka 24, nchi mwenyeji 50, nafasi 24, idadi ya timu 24, kisha safu nne za 15 kwa mechi, ushindi, sare na kushindwa, magoli 30, na maelezo 32. Jumla ni 244. Piga mistari kwa uzi wa fundi uliotiwa chaki, na andika kwa penseli kwanza. Usijaze mistari yote; mashindano ni kila baada ya miaka miwili na timu bado inacheza.

Makosa makubwa hutokea kwenye kukusanya, si kwenye rangi.

La kwanza ni kuchanganya umri. Utasikia "Misri bingwa wa dunia 1993". Ni kweli, lakini ni vijana wa chini ya miaka 21, waliotwaa kombe nyumbani kwao. Kombe la wakubwa mwaka huo lilichezwa Uswidi na Urusi ndiyo iliyolichukua. Vijana wa chini ya miaka 19 nao walitwaa lao 2019. Hizo ni sifa kubwa na zinastahili ubao wao. Zikiingia kwenye ubao wa wakubwa, zinaharibu hesabu yote.

La pili ni mwaka wa jina na mwaka wa kuchezwa. Olimpiki ya Tokyo 2020 ilichezwa 2021. Misri ilimaliza ya 4 kati ya timu 12, ikishindwa na Hispania 33–31 kwenye mechi ya shaba. Andika 2020 kwenye safu ya mwaka, na kwenye maelezo weka "Agosti 2021".

La tatu linawasumbua waliozoea soka. Kwenye mpira wa mikono, magoli ya penalti za mwisho huongezwa kwenye matokeo. Robo fainali ya 2021, Misri na Denmark zilikuwa 35–35 baada ya muda wa ziada mara mbili, Denmark ikashinda penalti 4–3. Matokeo ni 39–38. Ukiandika 35–35 kwenye safu ya sare umekosea mara mbili: mechi ilikuwa na mshindi, na magoli yamepungua.

Mwenyeji mtie nyota. Tunisia ilipomaliza ya 4 mwaka 2005 ilikuwa kwao, na msomaji anahitaji kulijua hilo anapoilinganisha na nafasi ya 4 ya Misri ugenini 2001, mara ya kwanza timu ya nje ya Ulaya kufika nusu fainali.

Kombe la Afrika, lililoanza Tunisia 1974, lipewe jedwali lake pembeni. Misri ilishinda fainali ya 2020 kwa 27–23 dhidi ya Tunisia.

Kabla ya kufuta penseli, pita kila mstari: ushindi, sare na kushindwa vikijumlishwa lazima vilingane na mechi. Pakitofautiana hata moja, rudi kwenye matokeo ya mechi mojamoja. Mara nyingi ni mechi ya kuwania nafasi iliyosahauliwa, ile ya 5 au ya 7.