Umekaa nyumbani miaka mingi na unataka kurudi kwenye uhasibu? Anzia hapa

Dada yangu uliyesomea uhasibu, ukafanya kazi miaka kadhaa, halafu ukaacha ukalea watoto, au ulimuuguza mzazi, au ulimfuata mume alikohamishiwa, na sasa mtoto wa mwisho kaanza shule na unataka kurudi ofisini, hii naiandika kwa ajili yako. Naongelea uhasibu kwa sababu ndio kazi ninayoijua na naongelea Tanzania bara, ila nesi au mwalimu naye atachukua ya kumfaa.

Kwanza tuelewane kwenye hili la kujiamini maana ndio watu wanaliimba sana. Utaambiwa jiamini, vaa vizuri, ongea kwa sauti, sawa, ila mimi naona kujiamini hakuji kwa kuambiwa, kunakuja mikono ikisharudi kwenye kazi. Wadada wengi ninaowaona wanaogopa kurudi hawaogopi kazi yenyewe, wanaogopa kwa sababu hawajui nini kimebadilika, kwa hiyo wanahisi kila kitu kimebadilika na wao hawajui chochote tena. Sio kweli jamani. Kaa chini uandike vilivyobadilika, utakuta vinahesabika. Debiti na krediti ziko pale pale. Kiwango cha kawaida cha VAT bado ni 18%. PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, bado inapelekwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita na ritani ya VAT, yaani fomu ya kodi ya kila mwezi, tarehe 20. Ulivyovijua bado unavijua.

Tuseme uliacha kazi mwisho wa 2016. Wakati ule mshahara ambao haukatwi kodi ulikuwa mwisho 170,000 kwa mwezi, tangu 2020 ni 270,000. Kiwango cha chini kabisa cha PAYE kilikuwa 9%, mwaka 2021 kikashuka kuwa 8%. SDL, tozo ya mafunzo ya ufundi anayolipa mwajiri juu ya mishahara, uliiacha 4.5%, mwaka 2023 ikafika 3.5%, na zamani hata mwajiri mwenye wafanyakazi wanne tu alikuwa analipa ila tangu 2021 ni wa wafanyakazi kumi kwenda juu. Mifuko ile ya pensheni, PPF, LAPF, PSPF na GEPF, iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF ya watumishi wa umma, sekta binafsi wanaenda NSSF. Malipo ya serikali siku hizi ni kontroo namba, ritani unajaza mtandaoni, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio lazima itoke kwenye mashine tena, kuna VFD, programu inayoitoa kwenye simu au kompyuta. Hapo nimetaja sehemu kubwa ya kilichobadilika kwenye kazi ya kila siku na bado haijajaa ukurasa mmoja wa daftari. Mengine utayapata kwenye kijitabu cha viwango vya kodi ambacho TRA wanakitoa kila mwaka mpya wa fedha, kipo bure kwenye tovuti yao, na kila Juni bunge likishapitisha Sheria ya Fedha angalia kilichoguswa maana inaanza kutumika tarehe 1 Julai.

Sasa usiishie kusoma, fanya. Chukua karatasi na kalkuleta utengeneze mshahara wa mtu mmoja kwa mkono kabla hata hujagusa Excel. Mfanyakazi analipwa 900,000. Toa NSSF yake 10%, hiyo ni 90,000, inabaki 810,000 ndio inayokatwa kodi. 270,000 ya kwanza haina kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8% unapata 20,000, kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni 20% unapata 48,000, halafu ile 50,000 iliyobaki ni 25% ambayo ni 12,500. Jumla PAYE 80,500. Anachukua mkononi 729,500 kama hana mkopo wala makato mengine. Rudia na mshahara wa 600,000, rudia na wa milioni moja na nusu ambao unagusa 30% kwa kinachozidi milioni moja, halafu ndio ufungue Excel uandike fomula itoe majibu yale yale uliyopata kwa mkono. Siku Excel ikikubaliana na kalkuleta yako utaona mwenyewe mabega yanavyoshuka, na hilo huwezi kulipata kwa kusikiliza watu wa hamasa.

Baada ya hapo tafuta vitabu vya kweli vya kushika. Mwenye duka la dawa mtaani, fundi wa aluminiamu, mwenye hadwea, hao wote wana risiti kwenye boksi na taarifa ya benki ambayo hakuna aliyeilinganisha na chochote. Mwambie nipe mwezi mmoja nikupangie mahesabu, nikimaliza utaniandikia barua kwamba nimekufanyia kazi hii. Omba hela hata kidogo, usifanye bure kabisa, maana ukifanya bure mwenyewe unaichukulia kama msaada na kazi inalala. Lengo ni upitie mzunguko mzima, kuingiza miamala, kulinganisha na benki, kutafuta kwa nini haifungi, mpaka ifunge. Kama ofisi nyingi unazoziona kwenye matangazo zinataka QuickBooks au Tally basi fanyia kazi hiyo hiyo kwenye programu mojawapo, video za kujifunzia zimejaa YouTube.

Na kama una CPA, ile sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa, usione aibu kwenda NBAA, bodi ya wahasibu, kuuliza uanachama wako umekaaje. Ada za miaka ya nyuma, masaa ya CPD (mafunzo endelevu), uliza upewe hesabu kamili ujue unadaiwa nini na wanakubali ulipeje. Wengi wanakwepa kwa miaka wakidhani mlango umefungwa. Nesi naye vivyo hivyo na leseni yake kwa baraza lake, mapema, kabla hujaomba kazi.

Jambo lingine dogo ambalo linakwamisha watu kikweli ni majina. Cheti cha chuo kina jina la baba, NIDA umeandikishwa na jina la mume, TIN ina majina mawili, NSSF ina matatu. Panga zote mezani uzilinganishe sasa hivi, zisizofanana nenda kwa wakili ufanye kiapo au urekebishe huko zilikotoka, usisubiri uambiwe siku ya kuleta nyaraka. Kama unalenga serikalini fungua akaunti Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, mapema na usome tangazo mpaka mwisho, mara nyingi wanaandika umri usizidi miaka 45, sasa kama una 42 ujue muda ulionao.

CV. Usiifiche ile miaka. Mtu anaandika "2012 hadi 2016 mhasibu msaidizi" halafu kimya, anayesoma anaanza kujaza mwenyewe kwamba labda alifukuzwa, labda alikuwa na kesi. Andika mstari mmoja tu, 2017 hadi 2025, mapumziko ya kazi kwa ajili ya malezi ya watoto, na chini yake uweke ulichofanya kinachohusiana na hesabu. Na hapa wadada mnajidharau mno. Kama ulikuwa mweka hazina wa kikoba, ukaandika hisa za wanachama kila wiki, ukafuatilia mikopo na marejesho na faini, mwisho wa mwaka mkavunja mkagawana na hakuna aliyegombana, hiyo ni kazi ya fedha na watu walikuamini na hela zao. Andika. Andika wanachama wangapi, mzunguko ulikuwa shilingi ngapi. Na kama ulishiriki kusajili kikundi halmashauri baada ya ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 andika na hilo, maana inaonyesha unajua kufuata utaratibu. Usiandike "mama wa nyumbani mwenye bidii". Andika kazi.

Wadhamini wako wa zamani watafute kabla hujawaweka kwenye CV. Bosi wa zamani kahama, kastaafu, namba haipatikani, na hakuna kitu kinaharibu kama mtu kupigiwa akasema huyo nani tena. Mpigie, msalimie vizuri, shikamoo kama ni mkubwa, mkumbushe mlifanya naye nini, mwambie narudi kazini naomba niweke jina lako. Nakwambia simu hizi zenyewe huleta kazi, kwa sababu watu wa fedha wanajuana na kila mmoja anasikia nani anatafuta mtu.

Kuhusu wakati wa kutafuta, kampuni nyingi zinafunga mwaka Desemba 31 na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato ni ndani ya miezi sita, kwa hiyo mpaka Juni 30. Maana yake ofisi ndogo za ukaguzi na za kodi zinazidiwa kweli kuelekea Juni. Ukienda kugonga mlango Januari au Februari ukasema naomba hata kazi ya muda mpaka Juni mnakuwa mmekutana wakati wanahitaji mikono. Kazi ya muda isikukatishe tamaa, kwa anayerudi ni njia nzuri kuliko kukaa nyumbani ukisubiri ajira ya kudumu.

Intavyuu wataanza na lile swali, ulikuwa wapi miaka yote hii? Jibu fupi, bila kuomba msamaha. "Nilisimama kazi kulea watoto wangu, sasa wako shule, na miezi hii nimekuwa nikitunza vitabu vya duka la dawa na kutengeneza mishahara, viwango vya sasa navijua." Halafu nyamaza. Usianze kueleza ndoa, mimba ngumu, mama mkwe, wala usiseme "najua nimepitwa sana ila nitajitahidi", hayo maneno unayasema wewe lakini yule anayekusaili ndio anayabeba. Wakikuuliza watoto atawaangalia nani, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Sikwambii ubishane nao pale, jibu tu kwa utulivu kwamba nyumbani kumepangwa na naweza kufika na kutoka kwa muda wa ofisi, ila ukijua sheria iko upande wako hata sauti inakaa tofauti.

Ila basi nyumbani kweli kupangwe. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wadada wazuri wanaacha kazi mwezi wa pili na sio kazi iliyowashinda. Kabla hujaanza, fanyeni majaribio ya wiki mbili kama vile kazi imeshaanza, dada wa kazi awe ameshazoeana na watoto ukiwa bado upo, mjue nani anapokea basi la shule, mtoto akipata homa saa nne asubuhi nani anapigiwa kwanza, na hapo baba jina lake liwepo kwenye orodha, sio wewe tu. Panda mwendokasi au daladala saa ile ile utakayoondoka, kutoka Kimara au Mbagala mpaka Posta asubuhi sio sawa na ulivyozoea kwenda Kariakoo saa tano. Na ile 729,500 ya mfano wetu wa mshahara ikae mezani wewe na mwenzio muitoe nauli, chakula cha mchana na mshahara wa dada, muone inabaki ngapi. Ikibaki kidogo mwaka wa kwanza sio sababu ya kukataa, lakini mjue wote wawili tangu mwanzo.

Ukishaingia, bosi wako wa karibu anaweza kuwa binti wa miaka 27. Atakusalimia shikamoo asubuhi, itikia marahaba, halafu kwenye kazi mpe heshima ya cheo chake, usimwite mdogo wangu mbele za watu, na usianze sentensi na "sisi enzi zetu". Uliza maswali mengi wiki za mwanzo, na andika majibu kwenye daftari ili usiulize kitu kimoja mara tatu. Nani anaidhinisha malipo, voucha inapita kwa nani, petikeshi mwisho shilingi ngapi. Mwezi wa kwanza ukifungwa muombe dakika kumi akuambie wapi pamekaa vizuri na wapi parekebishwe, usisubiri miezi ya majaribio iishe ndio usikie.

Na namba yako ya zamani ya NSSF wape siku ya kwanza, usikubali kufunguliwa mpya. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, na ile uliyochangia kabla ya kuacha kazi bado inahesabika kama hukuwahi kuichukua, kwa hiyo slipu ya kwanza ikitoka angalia makato yameingia kwenye namba ipi, kama sio yenyewe rudi kwa watu wa rasilimali watu siku hiyo hiyo.