Namna ya kuchukua udongo wa msitu wa Mrima kwa kupima mionzi

Anza na ruhusa kabla ya jembe. Kilima cha Mrima, kule Kwale, ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo na pia ni msitu wa hifadhi. Mimi huenda kwanza kwa wazee wa kaya, kisha ofisi ya misitu. Wazee wakikuonyesha pasipochimbwa, pasichimbwe. Ramani yenye pengo ni afadhali.

Mrima ni mabaki ya volkeno ya kale, na mwamba wake ni kabonatiti, yaani mwamba wa volkeno uliojaa chokaa. Mvua za enzi na enzi zimeyeyusha chokaa zikaenda nayo. Thori, metali yenye mionzi, haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo imesalia juu, ndani ya madini kama monaziti. Ndiyo maana thori ya pale inapita kwa mbali wastani wa dunia, ambao ni kama bekereli 30 kwa kilo (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde).

Ukifika kituoni, yaani mahali pa kuchukua sampuli, zoa majani kwa mkono uyatie kwenye kopo lake. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Majani yanayooza yamebeba risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye mionzi, ambayo huzaliwa na gesi ya radoni ya hewani na kushuka na mvua. Udongo wa chini umebeba thori, urani na potasi za mwamba. Ukivichanganya, jibu halitakuwa la majani wala la udongo.

Chimba kwa mwiko hadi sentimita 15, kuta za shimo zisimame wima. Shimo likipanuka juu na kubana chini, udongo wa juu unazidi kwenye sampuli. Chimba moja katikati na manne kulizunguka, hatua chache tu, uchanganye, utoe mawe na mizizi, ubaki na kilo 2 hivi. Andika kituo, kina na tarehe ubavuni mwa kopo. Usiandike kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana garini.

Maabara, kausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, twanga, chekecha kwa chekeche la milimita 2, jaza chombo, pima uzito, uzibe pasipite hewa. Kisha ngoja wiki 4. Nakusihi, usizipunguze. Urani tunaisoma kupitia bismathi-214, mzao wake, nayo huzaliwa baada ya radoni. Radoni ni gesi, ilitoroka ulipokuwa ukitwanga, na nusu-uhai yake, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, ni siku 3.8. Usipoipa muda wa kujaa tena, urani itaonekana pungufu na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Kwenye kipimo cha gama, tafuta bismathi kwenye keV 609 (keV ni kizio cha nishati ya mionzi), potasi-40 kwenye 1,461, na thali-208, mzao wa thori, kwenye 2,614.

Ukishapata bekereli kwa kilo, zidisha urani kwa 0.462, thori kwa 0.604 na potasi kwa 0.0417, ujumlishe. Hiyo ni nanogrei kwa saa, yaani kiwango cha mionzi inayofyonzwa, mita moja juu ya ardhi. Udongo wa kawaida wenye urani 35, thori 30 na potasi 400 hutoa kama 51. Linganisha wako na huo.

Jibu hilo ni la mtu aliyesimama nje. Nyumba iliyokandikwa kwa udongo wa pale ipimwe peke yake, pamoja na radoni ya ndani, kwa sababu humo mionzi inatoka kuta zote na hewa haipiti vizuri.