Kuandaa Pendekezo la Kitabu Kabla ya Kumwendea Mchapishaji

Mwandishi wa riwaya kwa kawaida hutarajiwa kuwasilisha mswada kamili, ilhali anayeandika historia, wasifu au kitabu cha maarifa mara nyingi anaweza kuanza na pendekezo, yaani maelezo mafupi ya kitabu, muhtasari wa kila sura, sura moja au mbili za mfano, na habari zake mwenyewe. Hata hivyo, soma kwanza masharti ya mchapishaji, kwani wapo wasiopokea chochote pungufu ya mswada mzima.

Ukurasa unaostahili jasho lako kubwa ni ule unaoeleza kitabu kitasomwa na nani. Wachapishaji wengi wa Kenya na Tanzania hutegemea vitabu vya shule, na kitabu kisichofundishwa darasani huwatia hofu, tena hofu ya haki, kwamba kitarundikana ghalani. Tuseme unaandika juu ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu. Ukisema kitabu chako kinamfaa kila mpenda historia, hujamwambia mhariri lolote. Mwonyeshe kwamba wanunuzi wake ni wageni wanaozuru Lamu, maktaba za vyuo vikuu na maduka ya makumbusho, kisha utaje vitabu viwili vitatu vilivyotangulia na ueleze kilichopungua humo: pengine vinasimulia safari za jahazi, lakini havisemi jinsi fundi anavyoulaza mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, wala anavyokalafati mianya ya mbao kwa pamba iliyochovywa mafuta.

Si lazima sura ya mfano iwe ya kwanza. Mimi niliwahi kutuma utangulizi uliojaa tarehe na nadharia, na mhariri akanijibu kwa mstari mmoja tu, akiuliza watu wa kitabu hicho wako wapi. Chagua sura ambamo watu wanafanya kazi na kusema, hata ikiwa ni ya saba.

Kabla ya kutuma, pata kwa maandishi ruhusa ya picha na mahojiano utakayotumia, kwa sababu mchapishaji ataiulizia. Barua ya kuambatisha isizidi ukurasa mmoja, imtaje mhariri kwa jina lake sahihi, na isigusie mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu, ambao mahali pake ni kwenye mkataba. Ukiombwa ulipie uchapaji, basi jua kwamba umepewa huduma ya kujichapishia, na gharama pamoja na hasara ni zako.