Kupanga Chakula cha Idi Wakati Mwezi Haujaandama

Kinachotatiza chakula cha Idi el-Fitri ni tarehe. Wanaopika Krismasi wanajua tangu Januari kwamba ni tarehe 25. Sisi tunakaa mpaka usiku wa kuamkia mwezi 30 Ramadhani, redio iko wazi, simu zinaita, tunasubiri Mufti atangaze kama mwezi umeandama au tunakamilisha 30. Tangazo linaweza kuja saa 2 usiku, linaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Likishatoka, asubuhi watu wako kwenye sala, na baada ya adhuhuri wako barazani kwako wanaulizia pilau.

Ndiyo maana menyu yangu naipanga kwa swali moja tu: kitu hiki kikingoja siku moja zaidi, kitaharibika? Naligawa kila pishi kwa swali hilo kabla sijaandika hata orodha ya soko. Mimi napikia Magomeni, nyumba ya familia, jiko la gesi la plate mbili na majiko mawili ya mkaa uani. Mwenye oveni na friza kubwa atapumua zaidi yangu, lakini mpango ni ule ule.

Hesabu masinia

Kwetu siku ya Idi hatugawi sahani mtu mmoja mmoja. Linatandikwa jamvi, sinia moja watu wanne au watano, kwa hiyo ninachohesabu ni masinia. Kilo moja ya mchele, ikiwa na nyama na viazi ndani yake, inatoa masinia mawili ya kushiba. Watu 20 ni masinia matano, yaani kilo 2.5. Usiishie hapo. Kuna sahani za majirani, ambazo zinatoka kabla wageni hawajanawa mikono. Kuna watoto wa mtaa wanaopita kutaka mkono wa Idi, na hao ukiwapa hela tu wanakutazama sana. Kuna shemeji aliyesema anakuja peke yake. Kwa wote hao naongeza kilo moja na nusu, nafika kilo 4.

Mchele wa zaka ya fitri usiutie kwenye hesabu hii. Huo ni pishi moja, kilo 2.5 hivi, kwa kila mtu wa nyumba hata mtoto mchanga, na unatakiwa umfikie mhitaji kabla ya sala ya Idi. Mimi nanunua mchele soko la Tandale katikati ya mwezi, napima wa zaka kwanza, naufunga na kuuweka chumbani, mbali na jiko. Unaobaki ndio wa kupika.

Wakati huo huo pigia watu simu ujue nani hali ng'ombe, nani ana kisukari, nani daktari amemkataza mafuta. Nyumba yenye wazee haikosi wa aina hiyo, na ukiwauliza siku yenyewe watajibu kwa heshima kwamba wanakula chochote, kisha watakaa na glasi ya maji.

Pilau au biriani

Hapa ndipo tunapogombana kila mwaka. Wifi zangu wa Unguja wanataka biriani, na siwalaumu, maana mchuzi wa biriani ukipikwa leo ukalala, kesho unakuwa mtamu zaidi. Lakini biriani inataka sufuria ya mchuzi na sufuria ya wali, inataka vitunguu vya kukaanga visivyo na mwisho, mtindi, na mtu wa kusimamia kila jiko. Kwa sikukuu inayokuja usiku kwa usiku, huo ni mzigo. Biriani nawapa Idi ya kuchinja. Ile inaangukia tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, mwezi ukishaandama una zaidi ya wiki ya kujipanga, na nyama yenyewe inajaa nyumba. Mfunguo Mosi, yaani Idi hii ya baada ya Ramadhani, ni pilau. Sufuria moja, jiko moja, tena la mkaa, gesi inabaki na kazi nyingine.

Kwa kilo 4 za mchele natumia nyama ya ng'ombe kilo 5, mchanganyiko wenye mifupa na mafuta kidogo. Bucha watakushawishi uchukue steki kwa kuwa ni sikukuu. Kataa, steki tupu haitoi supu ya maana. Vitunguu maji kilo 1.5, viazi mbatata kilo 2, vitunguu saumu vichwa 6 vikubwa, tangawizi kipande cha kujaa kiganja, mafuta robo tatu ya lita na samli vijiko 3. Viungo ni binzari nyembamba vijiko 6 vya chakula, pilipili manga nzima vijiko 2, iliki punje 30, mdalasini vijiti 6, na karafuu zisizidi 20, maana karafuu ikizidi pilau inanukia kama kwa daktari wa meno. Nyanya sitii. Wanaotia wanajijua.

Vinavyongoja

Viungo nanunua Kariakoo kumi la mwanzo la Ramadhani. Kumi la mwisho bei inapanda na muuzaji hana muda na wewe. Navipepeta, natoa mawe, naanika, kisha nakaanga kavu nusu ya binzari na kuisaga; nusu nyingine inaingia nzima. Vitunguu saumu na tangawizi nasaga pamoja na kugandisha kwenye trei za barafu. Ukwaju naukamua, nauchemsha na sukari, unakaa chupani kwenye friji, siku yenyewe ni kuongeza maji baridi tu. Tambi nazikaanga mapema mpaka zipate rangi, zikipoa nazifunga kwenye mfuko.

Visheti na vileja napika tarehe 26 au 27. Vinakaa wiki nzima kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na adui yao mkubwa ni wale wanaofunga mchana na kufungua kopo usiku. Ficha. Halwa nanunua, na haihitaji friji.

Sambusa ndizo zinazoniokoa. Nazifunga mbichi, nazipanga kwenye sinia zisigusane, zinaganda, kisha naziweka mfukoni. Zinaingia kwenye mafuta zikiwa bado zimeganda, ila mafuta yawe ya moto wa wastani ili ndani ziive kabla nje hazijaungua. Mwezi usipoandama, kumi zinatoka kwa futari ya siku ya 30 na hakuna aliyepata hasara.

Nyama naichukua tarehe 28, kabla foleni ya bucha haijafika barabarani. Inakatwa, inaoshwa, inakwenda friza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ichemshe na chumvi na tangawizi, na uichemshe tena asubuhi na jioni mpaka siku yake ifike.

Upande wa pili wa swali kuna kachumbari, tui, tikiti maji na donge la kaimati. Hivyo usiviguse kabla ya tangazo, hata jirani akikuhakikishia kwamba mtoto wa shangazi yake ameuona mwezi Lindi. Nazi nunua nzima. Nazi isiyovunjwa haina haraka.

Usiku wa tangazo

Mwezi ukiandama, kabla hujajibu salamu za simu, toa nyama kwenye friza. Inaingia sufuriani na chumvi, saumu, tangawizi na maji ya kutosha, inachemka taratibu mpaka iive bila kuachana na mfupa. Supu hiyo ndiyo pilau yenyewe, kwa hiyo usibane maji. Wakati inachemka, watoto wanamenya viazi na kuviloweka, mkubwa mmoja anakata vitunguu, mwingine anachagua mchele. Saa 5 usiku jikoni kumefungwa. Hina na pasi ziendelee huko ndani, lakini mpishi alale.

Mwezi usipoandama, huna ulichopoteza. Nyama bado imeganda, nazi bado nzima, kesho unapika futari yako ya kawaida.

Kuna la tatu ambalo watu hawalisemi kwenye mapishi. Kaka yangu anafuata mwandamo wa kimataifa, mimi nafuata wa hapa, na iko miaka yeye anasali Idi mimi bado nimefunga. Tumeshaacha kubishana. Siku yake namtumia kopo la visheti na mfuko wa sambusa mbichi wakaange kwao. Siku yangu anakuja jamvini na wanawe. Panga sambusa za ziada kwa ajili hiyo, kila familia ninayoijua ina kaka wa namna hii.

Asubuhi

Idi el-Fitri mtu anakula kidogo kabla ya kwenda kuswali, kwa hiyo bakuli la tende linakaa karibu na mlango, kila anayetoka anachukua kwa witiri, moja, tatu, au tano. Kwenye gesi kuna chai ya maziwa upande mmoja na tambi upande wa pili: maji kidogo na sukari kwanza, tambi zikilainika linaingia tui zito, iliki na zabibu, moto unapunguzwa mpaka zikaukie. Zaidi ya hapo siweki. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kizuri sana, lakini ni mlo kamili. Ukivitenga saa 3 asubuhi, saa 7 masinia yanarudi nusu.

Wanaporudi kwenye sala ndipo nawasha mkaa. Kabla ya chochote nachota bilauri tatu za supu na kuziweka pembeni kwa wazee wasiotaka mafuta, pamoja na vipande vyao vya nyama. Kisha vitunguu vinaingia kwenye mafuta. Hapa usikimbie: rangi yote ya pilau inatoka kwenye vitunguu, na vikitoka haraka vikiwa vya dhahabu utapata wali mweupe wenye harufu. Subiri vifike kahawia iliyoiva, karibu na kuungua lakini havijaungua, viungo vizima vikiwa ndani yake. Tia saumu na tangawizi, zikinukia tia nyama na viazi, geuza mpaka nyama ishike rangi, ndipo umimine supu na binzari ya kusaga. Onja. Supu inatakiwa ikolee chumvi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu mchele utainywa.

Kipimo cha supu kinategemea mchele. Basmati iliyolowekwa nusu saa, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha supu. Mchele wa Kyela ambao haujalowekwa unataka karibu vikombe viwili. Supu ikikaukia mpaka mchele uanze kuonekana juu, geuza mara moja tu kwa upole, funika, punguza makaa ya chini uyapalie juu ya mfuniko. Baada ya hapo usifunue kila anapokuja mtu kunusa.

Gesi sasa iko huru. Plate moja inakaanga sambusa, nyingine ina kuku wa nazi sufuria ndogo, kwa wasiokula ng'ombe. Kachumbari inakatwa dakika za mwisho: vitunguu vyembamba vinasuguliwa na chumvi, vinaoshwa na kukamuliwa, ndipo vikutane na nyanya na ndimu. Pilipili mbuzi weka kibakuli chake, watoto wako wengi. Ndizi mbivu, moja kwa kila mtu, hakuna kupika.

Pilau ikiteremka saa 6 inaweza kukaa imefunikwa mpaka watu wamalize adhuhuri, na inazidi kuchambuka. Sahani za majirani zinatoka kwanza, zikiwa zimefunikwa kawa. Sinia la pili ni la wazee, na nyama yao ninaichagua mwenyewe, laini, bila mfupa mkali. Ukoko ubaki sufuriani. Wanaoujua watakuja wenyewe jikoni na kijiko.

Usisahau kwamba kuna kundi la alasiri: wafanyakazi wenzako, rafiki wa mume, jamaa waliokula kwao kwanza. Hao hawataki pilau. Wanataka kukaa. Kwa hiyo nusu ya sambusa, kopo la visheti na halwa yote naviweka mbali mchana, vitoke na kahawa chungu. Kaimati, kama kuna binti mwenye nguvu bado, zikaangwe saa 10 zikiwa moto. Kama hakuna, hakuna atakayeziulizia.

Pilau iliyobaki itandaze kwenye sinia ipoe upesi, kisha iende friji. Usiiache sufuriani mpaka usiku na joto letu hili. Asubuhi ya Idi pili inyunyizie supu kidogo, uifunike, moto mdogo, na chai ya rangi pembeni. Kachumbari ya jana mwaga, kata nyingine.